Klipu ya Viboko Ilimpa Jina Mjini, Kumbe Pampu Iko kwa Mama Yake

Kuna kijana mmoja pale Mpanda mjini, jina linahifadhiwa kwa sababu mji wenyewe mdogo na mama yake anajulikana. Ukitaja tu rangi ya pikipiki yake, watu wa Mpanda Hoteli wanamalizia wenyewe. Basi aitwe kijana, inatosha.

Kazi yake ya mchana ni boda. Kazi yake ya moyoni ni klipu. Anaigiza wenye maduka wasiokuwa na chenji, anaigiza makonda wa mabasi ya Sumbawanga, anaigiza wadada wanaoomba hela ya vocha halafu simu hawapokei. Wafuasi alikuwa nao ila wa kuhesabika, wengi ni wale aliosoma nao sekondari na wanamwonea huruma. Mpaka ilipofika Oktoba mwaka jana, siku ya harusi ya watu.

Maharusi walitaka picha zenye mandhari. Na Mpanda ukisema picha zenye mandhari, akili ya kila mtu inakwenda Sitalike, kama kilomita 35 hivi kusini mwa mji, yalipo makao makuu ya Hifadhi ya Taifa ya Katavi. Pale viboko unawaona bila hata kuzunguka sana. Mpiga picha akamchukua kijana amsaidie kubeba taa na mabegi. Bibi harusi alikuwa kwenye gauni jeupe la kukodi kutoka Mbeya, mkia wa gauni umeshikwa na wadada wawili, mekapu imekaa haswa. Wakashuka kwenye gari wakiwa wanacheka.

Walichotegemea kukuta ni maji yanameremeta na viboko wanachungulia masikio kama kwenye kalenda. Walichokuta ni tope.

Tope zito, zito kweli. Viboko wamebanana humo kama abiria wa Noah ya saa kumi na mbili jioni, mgongo juu ya mgongo, ngozi zimekauka mpaka zina nyufa. Mmoja pembeni alikuwa ameshakufa na ndege walikuwa wamemkalia. Wengine walikuwa wanajigeuza polepole, upande uliokauka uende chini kwenye unyevu, halafu wanatulia tena. Harufu yake haielezeki. Bibi harusi akavuta shela akaziba pua, na machozi yakaanza kuharibu ile mekapu ya elfu themanini.

Kijana akatoa simu. Mbele gauni jeupe, nyuma wale viboko. Hakuweka muziki wala kichekesho, akaongea tu kwa sauti ya chini: "Oneni wenyewe. Nyie mlioziba maji huko juu ili mlime nyanya zenu, Mungu anawaona."

Sekunde 41. Akapandisha TikTok akiwa bado kwenye gari ya kurudi.

Ikapaa. Usiku huo huo kurasa kubwa za Dar zikaichukua. Staa mmoja wa Bongo Fleva, ambaye hata Tabora hajawahi kufika, akairusha na vikatuni vya kulia vitano. Asubuhi kijana ana wafuasi wapya kwa maelfu, na mwenye duka moja la simu mjini anamtafuta amfanyie tangazo. Bodaboda wenzake wakaanza kumwita Balozi wa Viboko. Na chini ya klipu watu wakawa wanashindana kwa ukali: wafukuzwe wote, wafungwe, wanyang'anywe mashamba, hawa wakulima wana roho mbaya. Wengi walioandika hivyo wako Kinondoni na Mbezi, wameshika sahani ya wali mkono wa pili.

Sasa kabla umbea haujaendelea, mto wenyewe ueleweke kidogo, maana wengi waliolia hawajui hata unaitwaje.

Unaitwa Katuma. Unaanzia kwenye milima ya upande wa magharibi ya Mpanda, unateremka kupitia mashamba ya Mwamkulu na Kakese, unapita Sitalike, ndipo unaingia hifadhini. Humo unalisha Ziwa Katavi na Ziwa Chada, ambayo kwa kweli ni mabonde makubwa yanayojaa masika na kugeuka mbuga ya majani kiangazi. Baada ya hapo maji yanaendelea mpaka Ziwa Rukwa, na huko ndio mwisho wa safari, Rukwa haina mto wa kutokea. Hifadhi yenyewe ilianzishwa 1974 ikaongezwa 1998, sasa ina kilomita za mraba 4,471. Ni kubwa hivyo, lakini roho yake kiangazi ni huo uzi mmoja wa maji. Na uzi huo unaanzia nje ya mpaka, kwa watu.

Jina la Katavi lenyewe linatokana na Katabi, mzimu wa Wabende, anayeaminika kukaa kwenye mkwaju karibu na Ziwa Katavi. Watu wanaenda kuweka sadaka pale wakiwa na shida zao. Huyo mzee naye angekuwa na simu, angerusha klipu nyingi sana.

Kiboko sio kwamba anapenda maji kwa starehe. Ngozi yake haivumilii jua. Inatoa ute mwekundu ambao watu huudhani ni damu, na huo ndio mafuta yake ya kujikinga, lakini bila maji au tope haumtoshi. Kwa hiyo mchana kutwa anajificha majini, usiku anatoka kula majani, na kwa usiku mmoja anaweza kumaliza kama kilo 40. Maji yakipungua, wote wa mto mzima wanakusanyika kwenye dimbwi moja, madume yanaanza kupigana, watoto wanakanyagwa. Mamba nao wanaingia kwenye mapango ya kingo za mto, wanalala humo mmoja juu ya mwingine mpaka mvua. Hayo kwa Katavi yapo miaka yote, na wazungu wanalipa hela ndefu kuja kuyapiga picha. Si kila kiboko kwenye tope ni kesi ya polisi.

Ila kuna kilichobadilika. Wazee wa Sitalike wanakumbuka Katuma ikitiririka hata Septemba. Na watafiti walioufuatilia mto huu hawakulaumu mvua peke yake. Walinyooshea kidole mabanio ya udongo na mifereji ya umwagiliaji huko juu, kabla mto haujafika hifadhini. Kwa hiyo kijana hakusema uongo. Shida ni kwamba "huko juu" ni kwao.

Mama yake analima Mwamkulu.

Mama huyo hana simu ya kupangusa. Ana kile kitochi chake, anachaji mara moja kwa wiki. Klipu alionyeshwa shambani na jirani, siku ya tatu, wakiwa wanapalilia nyanya. Jirani alidhani anamletea sifa: njoo umwone mwanao amekuwa mtu maarufu. Mama akaangalia. Akacheka alipoona shela puani. Halafu ikafika ile sentensi. Akaomba irudiwe. Ikarudiwa. Akamrudishia jirani simu yake, akaendelea kupalilia, hakuongea mpaka jioni.

Kila mwezi mama huyo humtumia mwanae debe la mchele kwa boda anayekwenda mjini. Mwezi ule mchele ulikuja kama kawaida, umefungwa vizuri, na juu yake kikaratasi cha daftari kilichoandikwa na mtoto wa jirani kwa herufi kubwa kubwa: "MCHELE WA HAO WALIOZIBA MAJI. KULA BABA. MAMA."

Aliyekisoma wa kwanza si kijana, ni mchumba wake. Bidada mmoja wa saluni, anabandika kope na kucha, anajulikana kwa kutopepesa maneno. Alikuwa amekuja kupika. Akafungua debe, akasoma, akacheka mpaka akakaa chini. Halafu akaacha kucheka.

"Mama alikuwa anaiona hii?"

"Nani kamwonyesha sasa?" kijana akajibu, kana kwamba tatizo ni aliyeonyesha.

"Nenda ukamwombe radhi."

Kijana akasema ataenda wikiendi. Wikiendi kulikuwa na tangazo la duka la simu. Akasema wikiendi ijayo. Bidada akaacha kupokea simu. Ujumbe unakwenda, unabaki na tiki moja. Siku nne. Ya tano kijana akajaza mafuta akaenda Mwamkulu.

Alimkuta mama yake ndani ya bustani, suruali ya marehemu mzee imekunjwa magotini, khanga kiunoni, anahamisha mpira wa maji kutoka tuta hili kwenda lile. Pampu inanguruma kando ya mto. Pampu ndogo ya petroli, ya rangi ya machungwa, imefungwa kwa kamba kwenye gogo ili isiibiwe.

Aliamkia. Mama akaitika "Marahaba", akamkabidhi mpira. Yaani hakuambiwa pole na safari, hakuulizwa kala nini. Shika mpira. Akamwagilia matuta sita akiwa na viatu vyake vyeupe.

Maneno yalikuja usiku. Mama hakufoka. Alikuwa anasimulia tu, mambo ambayo kijana alikuwa anayajua lakini hajawahi kuyapanga pamoja. Kwamba walikuja upande huu miaka ya 2000 kutoka Usukumani, na ng'ombe, kwa sababu kule malisho yalikwisha. Kwamba waliambiwa Katavi ardhi ipo, na kweli ilikuwepo. Ng'ombe wengi waliuzwa mzee alipougua, wakabaki na kilimo. Kwamba pampu ile ilinunuliwa kwa mkopo wa kikundi cha akina mama wa vikoba, akailipa kwa misimu miwili ya nyanya. Msimu wa tatu wa nyanya ndio ulionunua simu.

"Simu gani?" kijana akauliza.

Mama akaonyesha kwa kidevu, kwenye mfuko wa suruali yake.

Hapo ndipo mtu mzima unatafuta pa kuangalia.

Halafu mama akaleta kesi yake mwenyewe dhidi ya viboko. Maana watu wa mjini kiboko wanamjua akiwa anakufa. Yeye anamjua akiwa mzima, saa nane usiku mwezi wa nne, mpunga umeanza kushika mbegu, unasikia *chwap chwap* kwenye majaruba. Unatoka na debe bovu unapiga, na tochi, na huku unajua yule mnyama akigeuka anakimbia kukuzidi. Asubuhi robo ya shamba imelala chini, kilicholiwa kidogo, kilichokanyagwa kingi. Mwaka fulani aliandikisha kwa ajili ya kifuta jasho. Alijaza fomu, watu wakaja wakapima, na alichopata hakikufika bei ya mbegu.

"Mpunga wangu ulipolala hukuja na simu," akasema. Hiyo tu.

Kijana akajaribu kujitetea kwamba viboko wanakufa kweli, mama aliwaona. Mama akasema ndiyo, amewaona, na yule mdogo aliyekuwa anapanda mgongoni kwa mama yake amemhurumia. "Lakini wewe unadhani mimi maji nayapata?"

Saa nne usiku akamwambia avae koti.

Kumbe kiangazi watu hawa hawalali. Wana zamu. Mfereji mmoja unagawana watu wengi, kila mmoja na siku yake na masaa yake, imeandikwa kwenye daftari la kikundi. Na kila zamu inaibiwa. Mtu wa juu anakuja gizani, anaweka kiroba cha udongo kwenye mdomo wa mfereji, maji yanageukia kwake, alfajiri anakitoa. Kwa hiyo ukiwa na zamu unalala shambani unalinda maji yako kama mtu anavyolinda ng'ombe. Mama na mwana wakapandisha kingo za mto kwa tochi. Banio la kwanza: magogo, viroba, udongo umeshindiliwa, upande mmoja maji yamejaa, upande wa pili mchanga. Baada ya kutembea kidogo, banio lingine. Halafu mabomba ya pampu, mawili, matatu, yamelala kwenye kidimbwi kimoja kama watoto wanaonyonya. Juu zaidi, kinyesi cha ng'ombe na kingo zilizoporomoka mahali mifugo inaponyweshwa. Kila walipofika kulikuwa na mtu amekaa na tochi yake, na kila mmoja alilalamika neno lile lile: wa juu wanaziba.

Hakuna aliyejiona yeye ndiye wa juu.

Sheria ipo, na mama anaijua kuliko waliokuwa wanatukana kwenye TikTok. Anajua habari ya mita 60 kutoka kingo za mto, ipo kwenye Sheria ya Mazingira ya 2004. Matuta yake ya nyanya yako kama hatua ishirini. Anajua kuchota maji kwa pampu kwenda shambani kunahitaji kibali cha watu wa bonde. Hana. Anasema kibali kikiwa na maana ya maji kufika kwa zamu, atakilipia kesho. Kikiwa na maana ya karatasi tu huku wenye mifereji mikubwa wanaendelea, basi anyamaze na kiroba chake.

Na kuna jambo alilolisikia ambalo limemkaa. Kule Wilaya ya Tanganyika, mkoa huu huu, vijiji vinane vinavyozunguka msitu wa Ntakata vinalipwa kwa kuacha msitu usimame. Ni biashara ya hewa ukaa. Wanalinda miti na sokwemtu waliomo, kampuni inauza hiyo hewa kwa wazungu, na hela zinarudi vijijini. Si hela ya soda, ni mabilioni ya shilingi, yamejenga madarasa na zahanati. Sasa mama akauliza, na swali hili ndilo kijana alirudi nalo mjini kichwani:

"Wenzetu wanalipwa mti ukisimama. Mimi nani atanilipa maji yakipita?"

Watu wa uhifadhi wakilijibu hilo, nusu ya makongamano yao yatakuwa hayana kazi.

Maana kusema ukweli mji nao usijitoe. Mkoa wa Katavi ulimegwa kutoka Rukwa 2012. Sensa ya mwaka huo ilihesabu watu 564,604. Sensa ya 2022 ikahesabu 1,152,958. Miaka kumi, watu mara mbili, na hakuna mkoa nchini uliokua kwa kasi hiyo. Hao wote wanakula, wanapika, wanaoga. Mkaa unatoka kwenye miombo hiyo hiyo inayotunza vyanzo vya mto. Tumbaku inakaushwa kwa kuni. Serikali imezindua mkakati wa nishati safi ya kupikia mwaka 2024, lengo ifikapo 2034 asilimia 80 ya Watanzania wawe wameacha kuni na mkaa, safi kabisa, lakini mtungi wa gesi ukiisha katikati ya mwezi jirani mwenye mkaa bado yupo hatua tatu kutoka mlangoni. Na ile harusi yenyewe, wageni walikula pilau mpaka la kufungasha. Mchele ule haukutoka Thailand. Bibi harusi aliyelia mtoni alikata keki saa tatu usiku akiwa amezungukwa na sinia za Katuma.

Kijana alijaribu kurekebisha. Alitaka kumrekodi mama yake akieleza. Mama akakataa katakata: "Usinirushe. Umeshanirusha mara moja inatosha." Basi akarekodi mabanio usiku, bila sura ya mtu, na sauti yake akieleza zamu na viroba na pilau ya harusi. Dakika mbili na nusu, aliifanyia kazi siku mbili, labda ndiyo klipu bora aliyowahi kutengeneza. Ikapata watazamaji mia tatu na kitu. Mtu mmoja akaandika: rudisha vichekesho kaka.

Ile ya kwanza haijafutwa. Bidada alimwambia aifute, akasema mkataba wa duka la simu unataja hiyo akaunti na hiyo klipu ndiyo inayoleta watu. Bidada akamtazama tu. Walirudiana lakini, tiki zikawa mbili, za bluu kabisa.

Halafu Novemba ikaanza na tetesi. Kwamba kwa sababu ya kelele za mtandaoni, wakubwa wanakuja kukagua mto, mabanio yatabomolewa, na pampu zisizo na kibali zitabebwa. Kuna waliosema wanakuja Jumatatu, wengine walisema Alhamisi. Wenye mifereji mikubwa hawakuonekana kuhangaika, wana watu wa kuwapigia simu. Waliohangaika ni wenye pampu ndogo. Usiku wa Jumapili watu walikuwa wanafungua boliti kwa tochi.

Saa kumi na moja alfajiri kijana akagongewa dirisha chumbani kwake mjini. Nje boda wa Mwamkulu, amefunga kitu kikubwa kwenye kiroba cha mbolea. Akamkabidhi na kuondoka bila kuzima pikipiki. Kijana akafungua. Pampu, rangi ya machungwa, bado ina tope. Simu ikaita hapo hapo, ile namba ya kitochi.

"Imefika?"

"Imefika mama."

"Iweke mbali na moto. Na usiipige picha."

Mvua zilishuka wiki ya pili ya Desemba. Katuma ikajaa, mabanio mengi yakazolewa na maji yenyewe kabla hajafika mkaguzi yeyote, na viboko wa Sitalike wakatawanyika wanakojua. Hakuna aliyekwenda kuwapiga picha wakiwa wanaogelea. Bibi harusi amemtafuta kijana mara mbili akiomba ile klipu ishushwe kwa sababu mama mkwe wake hapendi alivyoziba pua.

Pampu iko chini ya kitanda mpaka leo. Bidada akija anafungua madirisha yote, anasema chumba kinanuka petroli na hawezi kulala na mashine. Kijana anamwambia avumilie, mama ameshasema anaitaka mwezi wa sita, nyanya zikishatoka kitaluni.